Binti yangu hasemi, kazi yake kuchora tu

Bi Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, nina duka dogo la madaftari na kutoa kopi. Mungu kanipa watoto wawili: binti wa miaka 15 aliye Kidato cha Pili, na mdogo wake wa kiume, miaka 8. Mama yao na mimi tuliachana mwaka juzi, siku chache baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Alikwenda kukaa eda kwao Unguja, na sasa ameshaolewa huko Jang'ombe. Watoto wamebaki kwangu. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, amehamia nyumbani kunisaidia kulea, na Mwenyezi Mungu amlipe, maana bila yeye nyumba isingekalika.

Shida yangu ni huyu binti. Zamani alikuwa msemaji. Chuoni kwao yeye ndiye aliyekuwa akitangulizwa kusoma kasida kwenye Maulidi, na akitoka skuli hunipitia dukani akanihadithia siku nzima mpaka wateja wakacheka. Sasa mwaka unaingia wa pili hasemi ila "ndiyo", "siyo" na "nimeshiba". Hagombani, hajibu ovyo, sala anasali, vyombo anaosha. Akimaliza anaingia zake chumbani na daftari na kalamu ya wino mweusi, anachora mpaka usiku.

Mwanzo yalikuwa maua ya piko tu, yale wanayochorana wasichana mikononi siku za Idi na za harusi. Sikuona ubaya. Halafu maua yakaanza kujaza ukurasa mzima, hapana hata pahala peupe pa kuweka kidole. Juzi mdogo wake aliniletea daftari moja dukani, akaniambia, "Baba, tizama dada alivyochora." Kila ukurasa, katikati ya maua, pana mlango. Mlango ule ule, umefungwa, una komeo. Ukurasa mmoja kuna mwanamke amesimama kando ya mlango, kavaa buibui, uso hana.

Dada yangu alipoiona picha ile alilichukua daftari akalitia jikoni likaungua. Anasema picha za viumbe ni haramu na malaika hawaingii nyumba yenye picha, tena mtoto anayechora mtu asiye na macho si yeye, kuna kitu kinamwendesha. Kombe tumeshamnywesha. Sasa anataka tumpeleke kwa mganga. Mwalimu wa hesabu naye kaniita, kaniambia mtoto anachora darasani na alama zinashuka, nimkanye. Mtoto wa ndugu yangu anayesoma Dar es Salaam yeye ananiambia nisimkataze, eti kuchora kwenyewe ni tiba, na kuna nchi zina wataalamu wanaowatibu watu kwa sanaa. Mimi mambo haya sijapata kuyasikia, na watatu hawa kila mmoja ananivuta upande wake.

Nataka kujua: huku kuchora kunamponya au ndiko kunakomzamisha? Nimwulize maana ya ule mlango? Na hiyo tiba ya sanaa ni ya kweli au ni starehe ya wenye nafasi?

Jengine, wiki iliyopita mdogo wake kaniambia kamsikia usiku akisema peke yake, "bora nisingezaliwa". Nilidhani ni maneno ya ujana, lakini nimeona nikuandikie yote.

Baba wa Wete


JIBU

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu.

Naanza na pale ulipomalizia, kwa sababu neno uliloliweka mwisho ndilo la mwanzo. Mtoto wa miaka 15 amenyamaza zaidi ya mwaka, kisha anasikika usiku akisema bora asingezaliwa. Huenda ni ujana kweli. Lakini hilo si la kukisiwa na mimi niliye mbali, wala na wewe, wala na shangazi yake, aulizwe mwenyewe. Na aulizwe leo, usingoje Ijumaa. Tafuta pahala mtakapokuwa wawili tu, mdogo wake asiwepo, umwambie: "Nimesikia ulisema bora usingezaliwa. Sina hasira na wewe. Nataka kujua, umewahi kufikiria kujidhuru au kujiua?" Neno hilo litamke hivyo hivyo lilivyo, usilizungushe. Wazazi wengi wanaogopa kwamba kumwuliza mtoto ni kumtia fikra ambayo hakuwa nayo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kuwa kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humtua mzigo, kwani alikuwa ameubeba peke yake.

Akikwambia ndiyo, au akajibu kwa namna ya kukutia shaka, usiku huo asilale peke yake. Vidonge vyote vilivyomo nyumbani, na dawa za kuulia panya na wadudu, vifungie. Siku hiyo hiyo mfike hospitali ya Wete muonane na daktari. Akikwambia hapana, hospitali mwende vilevile ndani ya wiki hii, ukaulizie huduma ya afya ya akili. Kama hapo haipatikani siku hiyo, waulize watakuelekeza wapi, na usikubali kurudi nyumbani bila ya jibu. Usiogope jina. Kwetu mtu akisikia "afya ya akili" fikra zake zinakwenda Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, na akishafika huko kwa fikra anaona binti ndiyo basi tena, nani atamposa. Kuonana na daktari kwa huzuni iliyokawia si kulazwa Kidongo Chekundu, na hata huko wanaolazwa ni wagonjwa kama wagonjwa wengine. Ipo pia simu ya mtoto, namba 116, haina malipo. Anaweza kuipiga mwenyewe bila ya wewe kuwepo. Mwandikie namba hiyo umpe mkononi.

Kuna na hili, nalisema kwa upole lakini siliruki. Mtoto msemaji akinyamaza ghafla, mara nyengine kuna mtu kamdhuru. Sisemi ndivyo ilivyo kwako, na talaka peke yake yatosha kumnyamazisha mtoto. Ila mwombe daktari apate nafasi ya kuzungumza naye bila ya wewe wala shangazi yake kuwepo. Likiwa lipo jambo la namna hiyo, vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyo hospitalini vimewekwa kwa ajili yake.

Sasa kuchora. Kwa ulivyoniandikia, sioni kuwa kalamu ndiyo inayomzamisha. Tizama mambo yalivyofuatana: mama kaondoka, mtoto kanyamaza, kisha ndipo maua yakaanza kujaza kurasa. Alipofunga mdomo ndipo alipofungua daftari. Ukimnyang'anya daftari hutamrudishia mdomo, utakuwa umeziba na hapo palipokuwa pamebaki wazi.

Mtoto wa ndugu yako hakukudanganya. Jina "tiba ya sanaa" lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942, na aliyelitumia ni mchoraji, Adrian Hill, aliyekuwa ameugua kifua kikuu. Miaka hiyo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa miezi na miezi akitizama dari. Hill alianza kuchora kitandani, akaona moyo unatulia, akawaingiza wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliorudi vitani wakiwa wameumia. Leo ni taaluma inayosomewa. Huko Uingereza mtu hawezi kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa mpaka awe amesoma na amesajiliwa, sheria inamzuia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokusanya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na zimo za watoto, za wazee, za wagonjwa wa akili na za waliofiwa. Kwa hiyo si starehe ya wenye nafasi.

Tena wewe Mzanzibari jambo hili unalijua ingawa hulijui kwa jina hilo. Nenda taarabuni ukatizame. Mtu kakaa kimya tangu ala zilipoanza kulia, ukaja ubeti mmoja, akainuka na noti yake akaenda kumtunza mwimbaji, machozi yanamlenga. Hakuna anayemshika mkono akamwuliza una nini. Kila aliyekaa kafahamu kwamba lipo jambo, yeye kalitoa, na sitara yake imebaki pale pale. Binti yako anafanya hivyo hivyo kwa kalamu. Kinachotofautiana ni kwamba yeye, badala ya kuachiwa arudi akae kitini kwake, daftari lake limetiwa moto.

Utaniuliza, mkono utaweza vipi pale ulimi uliposhindwa? Sehemu ya jawabu iko mwilini. Maua ya piko ni kazi ya kurudia: jani, jani, kikonyo, nukta, jani. Ukirudia hivyo pumzi inashuka, mabega yanalegea, mawazo yanayozunguka kichwani yanapata kitu kimoja cha kukishika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufinyanga, kuchora kwa kalamu za rangi au kubandika vipande vya picha, kila mtu atakavyo, wakapima mate yao kabla na baada. Takriban robo tatu yao, ile homoni ya kotisoli inayopanda mtu akiwa na dhiki ilikuwa imeshuka. Na waliokuwa hawajapata kushika brashi walifaidika sawasawa na waliozoea. Nimekutajia hili ili dada yako asije akasema mtoto apewe kazi ya maana kwa kuwa hata hajui kuchora. Kujua si sharti. Lakini usilipokee kwa pupa: kwa wengine haikushuka, na kipimo kilikuwa cha siku moja. Kushuka kwa dhiki mchana mmoja si kupona sonona. Ndiyo maana hospitali nimeitanguliza.

Sehemu nyengine ya jawabu naiona mimi kuwa kubwa zaidi. Jambo likiwa kifuani mtu hawezi kulitizama, kwani yeye na jambo ni kitu kimoja. Likishakaa karatasini linakuwa mbele yake. Anaweza kulifunika, kulifunua, kulipaka wino zaidi, kulichana kwa mkono wake mwenyewe akitaka. Mtoto aliyeondokewa na mama bila ya kuulizwa hakuwa na amri juu ya chochote. Juu ya ukurasa ule anayo.

Ila tofautisha kuchora nyumbani na tiba. Kuchora nyumbani ni nafuu; tiba ya sanaa ina mtu aliyefunzwa, anakaa na mtoto, anajua lini picha inasogea mbele na lini imekwama inazunguka kidonda kile kile. Na hapa sitakuficha: mlango ule ule, ukurasa baada ya ukurasa, ni jambo la kumwambia daktari. Mwambie pia kama binti akimaliza kuchora huonekana mzito kuliko alivyoanza, au kama anachora mtu anayeumizwa. Kama ametulia baada ya kuchora, hilo nalo mwambie. Lakini daftari usilibebe kwa siri. Mwombe. Akikataa, nenda bila yake, maneno yako yatatosha.

Umeniuliza umwulize maana ya mlango. Usimwulize maana, na wewe usijipe maana. Najua ni vigumu, kwa sababu hata mimi niliposoma tu kuhusu komeo na mwanamke asiye na uso fikra zilinikimbilia kwa mama yake, na nina hakika zako zilikimbilia huko huko. Lakini angalia tulivyoweza kupotea. Dada yako kaona uso hauna macho, akasema ni shetani. Mwengine angesema mtoto amesahau sura ya mama yake. Sasa fikiri: huyu ni mtoto wa chuoni, msoma kasida. Amefundishwa kwamba wako wanavyuoni wanaokataza kuchora kiumbe kikamilifu, na kwamba picha isiyo na sura ya uso ina nafasi kwa baadhi yao. Huenda uso aliuacha kwa kuchunga dini yake, na shangazi yake akaliunguza daftari kwa jambo ambalo mtoto alikuwa anajaribu kulikimbia. Sijui kama ndivyo. Hata wewe hujui. Anajua yeye. Wataalamu wazuri wa tiba ya sanaa ndivyo wanavyofanya kazi: hawapigi ramli juu ya picha, wanamwachia aliyechora aseme, na asiposema wanakaa naye hivyo hivyo.

Neno la kusema ni moja: "Ukitaka kunihadithia hii, nitakusikiliza." Kisha unyamaze kweli. Usiseme "hodari wangu", usiseme "mbona umeichora ya huzuni", usimwambie aongeze jua. Ukimsifu ataanza kuchora akupendeze, ukimsikitikia ataanza kuchora asikuhuzunishe, na kwa vyote viwili utakuwa umempora. Mara nyengine mtoto huzungumza akiwa anatizama karatasi, na hawezi kuzungumza akiwa anatizamana na wewe uso kwa uso. Kaa pembeni yake, si mbele yake. Na wewe uwe na kazi yako mkononi, hesabu za duka au chochote.

Kuna kisa kimoja cha kweli nataka ukijue. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani wa Hitler waliwafungia Mayahudi katika mji wa Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Miongoni mwao alikuwamo mchoraji, mwanamke, Friedl Dicker-Brandeis. Aliwakusanya watoto wa mle akawafundisha kuchora kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Watoto wale walichora nyumba walizotolewa, bustani, meza zenye chakula. Yeye alitaka kila mtoto atie jina lake kwenye picha yake. Mwaka 1944 alisafirishwa kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz akauawa huko, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Picha zipatazo 4,500 zilifichwa ndani ya masanduku mawili zikaokoka, na leo zimehifadhiwa Prague, mji mkuu wa nchi hiyo. Mwanafunzi wake mmoja wa kabla ya vita, Edith Kramer, alikimbilia Marekani akawa miongoni mwa waasisi wa tiba ya sanaa kwa watoto. Msiba wa nyumba yako si ule. Nimekueleza kwa sababu mwanamke yule hakuwa na dawa wala chakula cha kutosha wala uwezo wa kuwatoa. Alichoweza kuwapa ni karatasi na mtu mzima wa kukaa nao, na wewe vyote viwili unavyo. Madaftari yamejaa dukani kwako.

Kwa upande wa dini, mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa. Ninalolijua ni kwamba katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, akamwambia riziki yake inatokana na kuchora. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume, rehema na amani zimshukie, yule mtu akageuka rangi kwa khofu. Ndipo akamwambia kama huna budi, basi chora miti na kila kisicho na roho. Maua, milango, majahazi, mikarafuu, khati za Kiarabu, bahari: uwanja ni mpana. Nenda na dada yako kwa shekhe mnayemwamini, mmwulize mbele yake, amsikie yeye. Dada yako ni mtu mwema aliyeshikwa na khofu, na khofu yake haiondoki kwa wewe kumgombeza. Kombe na dua sikukatazi, ni riziki ya moyo na hazigombani na hospitali. Kwa mganga wa kumpunga sikushauri hata kidogo. Mtoto aliyekwisha kujiona hana thamani, ukamwambia na kwamba ndani yake kuna shetani, umemwongezea jengine la kunyamazia.

Lakini kuchoma daftari kusirudiwe, na mtoto aombwe radhi. Namna ya kuomba: mpe daftari jipya, lenye jalada gumu, na umwambie mbele ya shangazi yake kwamba hili ni lake, halifunguliwi na mtu, hata mdogo wake. Tafuta na kisanduku chenye ufunguo, ufunguo akae nao yeye. Akifikia kuogopa kuchora kwa kuwa kuna macho, faida yote tuliyoizungumza imekwenda.

Neno dogo juu ya piko, maana pengine utafikiri umpeleke akajifunze kuwapamba maharusi. Fikra si mbaya, wasichana wengi wanapata riziki kwayo. Ila ile piko nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoweza kuwasha na kuunguza ngozi mpaka ikatoka malengelenge. Ajizoeshe karatasini, na ikiwa ni mkononi itumike hina yenyewe ya majani. Na usilifanye biashara kwa haraka. Kikishakuwa cha kuuza kinakuwa cha wateja, na yeye sasa anahitaji kitu ambacho hakimlazimu kumridhisha mtu. Kama yuko bibi jirani anayesuka ukili, mwombe amruhusu binti akae naye jioni. Hapo kuna kazi ya mikono, kuna rangi, kuna wanawake wanaozungumza bila ya kumlazimisha kujibu, na yeye amekuwa peke yake chumbani kwa muda mrefu mno.

Mwalimu mwambie ukweli kwa kiasi utakachoona kinafaa: nyumbani pana msiba wa kuachana, mtoto tunampeleka hospitali, alama zitashuka kwa muda. Mwombe asimpige wala asimwaibishe darasani. Skuli yao ikiwa na mwalimu wa ushauri nasaha, mwombe akutane naye. Kuchora wakati wa hesabu kuna mipaka yake, hilo namwunga mkono mwalimu, lakini mpaka uwekwe kwa makubaliano, mathalani kuwa mwisho wa kipindi anapewa dakika zake.

Nimebakisha lile ambalo barua yako haina. Umenihadithia alivyonyamaza binti, anachochora, anachosema shangazi yake, mwalimu, mtoto wa ndugu yako. Sikuona pahala palipoandikwa ulimwambia nini siku mama yake alipoondoka, wala kama wanazungumza kwa simu, wala kama amewahi kwenda Unguja kumtizama. Ikiwa hakuambiwa kitu, basi amekaa muda wote huu akijiuliza kosa lake lilikuwa lipi, kwa sababu watoto ndivyo wanavyojijibu wasipojibiwa. Huna haja ya kumfunulia siri za ndoa yenu. Mwambie: "Mimi na mama yako tulishindwana sisi wawili. Si kwa sababu yako wala ya mdogo wako, na hukuwa na uwezo wa kulizuia. Mama yako ni mama yako, na kumtaka si kunikosea mimi." Likiwa zito kulitamka, liandike kwanza. Kaa peke yako dukani baada ya kufunga, uandike bila ya kujali herufi wala mpangilio, uyatoe na yako, maana na wewe uliachwa na nyumba tupu na katika barua nzima hukujitaja hata mara moja. Karatasi hiyo si lazima aione mtu.

Kisha mpigie mama yake simu. Usimpigie kumlaumu. Mweleze lile neno la usiku, mweleze kuwa mnakwenda hospitali, na mwombe azungumze na mtoto jioni hii, na mpange siku ya karibu ya likizo binti apande boti aende Unguja akamwone. Kama mumewe mpya ana kipingamizi, mtafutieni wazee wa pande zote mbili waliweke sawa. Mwombe mama naye asimwulize mtoto kuhusu michoro mpaka atakapoitaja mwenyewe. Niandikie tena mkishatoka hospitali, unieleze daktari kasemaje, na tutaendelea kutoka hapo.